Nyumba moja, sheria tatu: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa darasa la nne

Majina yameachwa, na mambo yanayoweza kuitambulisha familia yameondolewa au kubadilishwa. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa malezi na unasihi, maafisa ustawi wa jamii wa kata, na wazazi wenye mtoto ambaye "ameharibika ghafla".

Usuli

Mtoto ni wa kiume, miaka 10, anasoma darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Anaishi na baba, mama, bibi mzaa baba na mdogo wake wa kike wa miaka 5. Mama ni mama lishe. Huamka saa 10 alfajiri, kibanda kinafunguliwa saa 12, na hurudi nyumbani baada ya magharibi akiwa hoi. Kuanzia mtoto anaporudi shule hadi mama anapoingia, mwenye nyumba ni bibi.

Baba ni dereva wa lori. Zamani alibeba mizigo ya hapohapo mkoani na alilala nyumbani karibu kila siku. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia alipata gari la safari ndefu za nchi jirani: siku 12 hadi 20 barabarani, kisha siku tatu au nne nyumbani. Kipato kikapanda, na matatizo yakaanza ndani ya miezi miwili.

Matatizo yenyewe yalikuwa manne. Utoro wa siku moja moja. Hela ndogo kupotea kwenye mkoba wa mama. Uongo, hata kwa mambo yasiyo na faida yoyote. Na kukojoa kitandani, kwa mtoto aliyekuwa mkavu tangu ana miaka minne. Kila mtu mzima alikuwa na maelezo yake. Baba alisema bibi amemdekeza, na samaki hukunjwa angali mbichi. Bibi alisema mtoto anatishwa mno. Mama alisema amekuwa mkaidi tu. Shuleni alihesabiwa mvivu wa hisabati. Kila mmoja aliona kipande cha kweli, lakini hakuna aliyeona kwamba mtoto alikuwa akiishi chini ya sheria tatu kwa wakati mmoja: ya baba, ya mama na ya bibi.

Kilichotokea

Jumamosi moja baba alirudi kutoka safari na kukuta mashtaka yamemsubiri. Zito kuliko yote lilikuwa shilingi 7,000 za mtaji wa mchele zilizopotea siku tisa kabla. Alimpiga mtoto kwa waya wa umeme. Jumapili usiku akaondoka tena na gari.

Jumatatu mwalimu wa darasa aligundua kwamba mtoto haegemei kiti. Kwenye mashavu ya miguu palikuwa na michubuko ya mistari miwili sambamba, yenye ngozi safi katikati. Alama ya namna hiyo huachwa na kitu chembamba kama waya au fimbo. Kuanguka hakuachi alama hiyo. Mwalimu alifanya mambo matatu sahihi. Alimtoa mtoto faragha na kumuuliza swali la wazi, "Hapa imekuwaje?", badala ya "Baba amekupiga?" Aliandika jibu kwa maneno ya mtoto mwenyewe, pamoja na saa na sehemu za mwili zenye alama. Kisha akamwambia mwalimu mkuu siku hiyohiyo, bila kumpigia baba simu kwanza. Michubuko hubadilika rangi na kufifia kwa siku chache, na mzazi aliyeonywa mapema hupata muda wa kumfundisha mtoto la kusema.

Kesho yake afisa ustawi wa jamii alifika shuleni. Taarifa ilifikishwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ikatolewa PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, na mtoto akapelekwa kituo cha afya. Hakukuwa na mfupa uliovunjika wala jeraha la kichwa au tumbo. Kwa sababu ya kikojozi, mkojo ulipimwa maambukizi, sukari na kichocho. Vyote havikuonekana. Kipimo hiki kisirukwe: ukanda wa pwani una kichocho cha mkojo, na mtoto anaweza kuadhibiwa miezi mizima kwa ugonjwa unaotibika kwa dawa.

Uamuzi wa kwanza: abaki au aondolewe?

Uamuzi ulikuwa abaki nyumbani, kwa masharti. Sababu zilikuwa hizi. Aliyempiga alikuwa safarini kwa wiki mbili zijazo, kwa hiyo hatari haikuwa ya usiku ule. Mtoto alipoulizwa peke yake hakuogopa kurudi kwa mama na bibi. Mama hakukana kilichotokea. Na kumwondoa mtoto wa miaka 10 kwa bibi, ambaye ndiye mtu pekee aliyekuwa na muda naye, kungemwongezea pigo jingine.

Masharti: baba akirudi apitie ofisi ya ustawi kabla ya kuingia nyumbani, mtoto aonwe na mwalimu kila Jumatatu, kipigo kikirudiwa, suala linabaki la Dawati, hakuna kikao kingine cha usuluhishi. Baba aliporudi na kupita ofisini alisomewa kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu hicho hakiondoi kila adhabu, lakini hakikubali adhabu iliyopita kiasi kwa namna au kwa ukali, ukizingatia umri na hali ya mtoto. Waya wa umeme hauna mjadala hapo. Baba alikubali. Aliuliza swali moja ambalo halikujibiwa vizuri siku ile, na lilikuja kutugharimu baadaye: "Sasa nifanye nini akiiba?"

Daftari la safu tatu

Kabla ya kupanga lolote, mama alipewa daftari lenye safu tatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kikafuata. Alijaza kila usiku kwa dakika tano, akisimuliwa na bibi yaliyotokea mchana. Bibi hasomi, kwa hiyo hesabu ya kikojozi ilikuwa yake kwa njia nyingine: kila asubuhi alitia punje ya mahindi kwenye kikombe cha usiku mkavu au kikombe cha usiku wenye maji. Zoezi lilidumu siku 14, na katika siku hizo hakuna kilichobadilishwa isipokuwa kipigo.

Daftari lilionyesha mambo ambayo mahojiano hayakuyatoa.

Hela zilizopotea mwanzo zilikuwa shilingi 500, na karibu zote zilipotea Alhamisi usiku. Ijumaa shule ilikuwa na jaribio la wiki, na kila mtoto alitakiwa aje na 500 ya kulipia karatasi za jaribio. Aliwahi kumwomba mama, mama akasema amsubiri baba. Alimwomba baba kwa simu, akagombezwa kuwa hela haiokotwi. Akaanza kuichukua. Alipoona haonekani, akajifunza kuchukua na ya chipsi, kisha ya kibanda cha gemu, hadi ikafika ile 7,000. Utoro nao ulikuwa wa Ijumaa zile ambazo mkoba wa mama haukuwa na kitu.

Kikojozi kilitokea usiku 9 kati ya 14. Usiku tatu za mwisho kabla ya baba kurudi, zote zilikuwa za maji.

Jambo la tatu ndilo lililobeba kisa chote. Katika siku hizo 14 mtoto alitoka nyumbani bila kuaga mara sita. Mara moja hakuambiwa kitu. Mara mbili bibi alimficha, akamwambia mama kwamba alikuwa amemtuma dukani. Mara moja mama alifoka. Mara moja alinyimwa chakula cha usiku. Mara moja aliambiwa, "Ngoja baba yako arudi." Kosa ni lilelile, majibu ni matano. Mtoto wa namna hii anaacha kutazama kosa lenyewe na kuanza kusoma nyuso: nani yupo, amechoka kiasi gani, nitamwambia nini. Uongo wake usio na faida ulitoka hapo. Kwake lilikuwa zoezi la kila siku la kujilinda.

Mpango

Mpango ulikuwa wa wiki 12, na ulianza na ukaribu kabla ya sheria. Mpangilio huo ni wa makusudi. Mtoto anayetarajia adhabu tu hana sababu ya kulinda uhusiano ambao haupo.

Kila usiku, baada ya kula, mama alikaa na mtoto dakika 15. Mtoto ndiye aliyechagua la kufanya: bao, kuchora, au kusimulia mpira. Katika dakika hizo mama hakuruhusiwa kuuliza habari za shule, kukosoa wala kushika simu. Ilikuwa ngumu kuliko ilivyotarajiwa. Wiki ya kwanza mama alisinzia mara mbili, na muda ukahamishiwa kibandani Jumamosi na Jumapili, siku za kawaida ukapunguzwa kuwa dakika 10. Dakika 10 za kweli zina thamani kuliko 15 za kusinzia.

Sheria zilikuwa tatu tu: unaaga kabla ya kutoka, hela ya mtu haiguswi, inaombwa, kazi ya shule inamalizwa kabla ya kucheza. Familia ilileta orodha ya sheria kumi na moja, pamoja na "kuwa na adabu" na "kutokuwa mkaidi". Hizo zilikataliwa kwa sababu hakuna anayeweza kusema saa ngapi zimevunjwa. Sheria inayofaa ni ile ambayo mama na bibi, kila mmoja peke yake, watakubaliana kama imevunjwa au la.

Adhabu zilikuwa ndogo, zilizoamuliwa siku hiyohiyo, na zilezile kwa watu wazima wote. Asiyeaga hachezi nje kesho yake. Aliyechukua hela anairudisha kwa kuosha vyombo kibandani Jumamosi, saa mbili kwa kila shilingi 1,000. Familia ilitaka akatwe hela ya kula shuleni. Wazo hilo liliachwa, maana mwenye njaa ataiba tena na atakuwa na sababu. Akikiri mwenyewe kabla hajaulizwa, anafanya kazi nusu. Kipengele hiki baba alikiona kama kumzawadia mwizi. Kiliwekwa kwa sababu katika nyumba ile ukweli ulikuwa na bei kubwa kuliko uongo, na mtoto yeyote mwenye akili angechagua uongo.

Hela ya jaribio, 500, iliwekwa kila Jumatano kwenye kopo la bibi. Kwa kitanda: anakwenda haja kabla ya kulala, hanyimwi maji mchana, shuka analiondoa yeye akisaidiwa, na hakuna anayelitaja mbele ya mdogo wake.

Kuhusu bibi palihitajika uangalifu. Ushauri mwepesi ungekuwa kumtaka awe mkali. Lakini kati ya bibi na mjukuu kuna utani, humwita "mume wangu", na upole wake una nafasi halali katika malezi yetu. Aliombwa jambo moja tu: asifiche. Upole ungebaki kwenye hadithi, vitendawili na kipande cha muhogo, na yeye ndiye aliyekuwa mtoa ruhusa wa kutoka. Mtoto akimuaga bibi, sheria imetimia.

Wiki kumi na mbili

Wiki ya pili na ya tatu hali ilizidi kuwa mbaya. Mtoto alichukua shilingi 2,000, akatoka bila kuaga siku nne mfululizo, na usiku mmoja alirudi saa 2. Mama alitaka kuacha mpango. Jambo hili hutokea mara nyingi na wazazi waambiwe mapema: mlango uliokuwa ukifunguka ukisukumwa, siku usipofunguka utasukumwa kwa nguvu zaidi kabla ya kuachwa. Mama alishikilia adhabu ileile, Jumamosi mbili za vyombo, bila kuongeza hata neno.

Wiki ya nne baba alirudi. Akasikia habari ya 2,000, akavua mkanda. Bibi alisimama mlangoni, baba akatoka nje na kukaa kwenye gari mpaka usiku wa manane. Hakupiga. Kesho yake alikwenda mwenyewe ofisini na kurudia swali lake la kwanza. Sasa likajibiwa. Alipewa hatua za kufanya hasira ikipanda: atoke nje, anawe uso, akae dakika 10, arudi na sentensi moja aliyoizoeza: "Kosa hili mama ameshalimaliza, mimi nataka kusikia kutoka kwako." Pia mashtaka yalikoma kumsubiri. Kosa la Jumanne lingefungwa Jumanne na mama au bibi, na baba akirudi angepewa kwanza habari mbili njema. Akiwa safarini angepiga simu mara mbili kwa wiki, dakika tano, kuzungumza na mtoto mwenyewe na si kuuliza "ana kesi gani?"

Kuanzia wiki ya sita mambo yalianza kutulia.

Matokeo

Katika wiki mbili za mwisho, punje kwenye kikombe cha maji zilikuwa mbili. Hakukuwa na utoro tangu wiki ya nane. Hela ilipotea mara moja tangu wiki ya sita, na mtoto alikiri kabla ya mtu kugundua. Alama za hisabati zilipanda kidogo tu. Mtoto aliendelea kumdanganya baba. Hakuna kipigo kilichorudiwa, kwa mujibu wa mtoto mwenyewe alipoulizwa faragha na mwalimu.

Uchambuzi

Mtaalamu wa saikolojia Diana Baumrind, aliyefanya utafiti wake Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1960, aligawa malezi katika mitindo mitatu: ya kimabavu, ya kuachia, na yale yanayoweka mipaka thabiti kwa upendo na maelezo. Mwaka 1983 wanasaikolojia Eleanor Maccoby na John Martin waliipanga mitindo hiyo kwa vipimo viwili, ukaribu wa mzazi na kiasi anachodai kwa mtoto, wakapata wa nne: malezi ya kutojali, ambapo vyote viwili ni haba.

Ukiipima nyumba hii kwa mizani hiyo, baba ni wa kimabavu, bibi ni wa kuachia, na mama, kwa uchovu wa jioni, alikuwa ameanza kuelekea kutojali ingawa anampenda mwanawe kupita kiasi. Kosa ambalo familia nyingi hufanya ni kudhani ukali wa mmoja na ulegevu wa mwingine vitakutana katikati na kuzaa malezi mazuri. Havikutani. Mtoto hapokei wastani. Anapokea majibu mawili yanayogombana, na kazi yake inakuwa kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Na mgawanyo ule ulikuzwa na watafiti waliotazama hasa familia za baba, mama na watoto wao. Nyumba yenye bibi mwenye mamlaka haiingii kwenye kisanduku kimoja, na anayepima mzazi mmoja tu atakosea.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yetu, ni kufuta "ngoja baba yako arudi". Sentensi hiyo ilifanya madhara matatu kwa mpigo. Ilimvua mama mamlaka, kwa sababu ilitangaza kwamba yeye hana la kufanya. Ilitenga kosa na matokeo yake: adhabu ya siku tisa baadaye mtoto haihusishi na hela, anaihusisha na mlio wa lori, ndiyo maana kitanda kililowa kabla baba hajafika. Na ilimgeuza baba kuwa mtekeleza hukumu. Alirudi na uchovu wa barabara, akakabidhiwa orodha, akaamini kwamba ubaba wake wa siku tatu ni kusafisha madeni ya wiki mbili. Sehemu ya ukali wake ilikuwa tabia yake; sehemu nyingine ilitengenezwa na ratiba ya nyumba. Hilo halimwondolei lawama ya waya. Linaonyesha tu mahali ambapo mkono wa mshauri unafika.

Kati ya mama na mtoto kulikuwa na mzunguko ambao mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, aliueleza vizuri. Mama anaagiza, mtoto analia na kubisha, mama anachoka na kuacha. Mtoto amejifunza kwamba kubisha kunalipa, mama amejifunza kwamba kuacha kunaleta utulivu. Wote wanarudia. Sheria tatu za mpango zilisaidia hapa kwa sababu zilipunguza maagizo: mama aliacha kusema mambo ishirini kwa jioni moja ambayo hakuwa na nguvu ya kuyasimamia.

Kilichoshindwa ni kumwambia baba asipige bila kumpa cha kufanya mahali pake. Kwa wiki nne aliachwa na katazo tupu, na mkanda wa wiki ya nne ulitokana na pengo hilo. Bibi ndiye aliyeokoa hali, na mpango haukumtarajia. Mzee kusimama mlangoni si utaratibu wa kumlinda mtoto. Siku nyingine angekuwa msikitini. Hatua za hasira zilipaswa kufundishwa katika kikao cha kwanza, kwa mazoezi ya sauti.

La pili lililoshindwa ni hisabati. Mtoto alisema mwalimu wa somo huchapa kila anayekosa jibu. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinaweka ukomo wa viboko vinne, hutolewa na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na huandikwa kwenye kitabu. Kuchapwa kwa kukosa hesabu hakumo humo. Suala liliwasilishwa kwa mwalimu mkuu kwa mdomo, na kwa mdomo likapotea. Lilipaswa kuandikwa. Mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba kosa linasemwa hawezi kulishika somo hilo ikiwa darasani kosa linafichwa kwa hofu ya fimbo.

Hali ilivyo sasa

Jalada halijafungwa, litabaki wazi hadi Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne upite. Barua kuhusu viboko vya hisabati imeandikwa, nakala kwa afisa elimu kata. Bibi ameomba vikombe vya mahindi viendelee, na vinaendelea. Kikao kijacho kimepangwa siku ambazo baba yupo nyumbani, na kina ajenda moja: mtoto amwombe baba mwenyewe, ana kwa ana, hela ya madaftari ya muhula ujao, na baba ajibu ana au hana, bila hotuba.